Pasti Isiyo na Herufi

Kifuniko cha debe kililia gizani, kidogo tu, kama kijiko kikigusa sahani. Kisha kimya.

Tamsin Hocking alifumbua macho. Mwanawe Keziah alikuwa amemlalia mkono, kifua kikimkoroma kama kawaida yake majira ya baridi. Tamsin hakujitikisa. Alisikia hatua za viatu vyepesi, halafu mlango wa nyuma. Mlango ule ulikuwa na tabia ya kukwaruza sakafu, lakini aliyeufunga aliuinua kidogo kwanza, kama afanyavyo mtu anayeujua.

Alipowasha mshumaa, ndege wa alfajiri walishaanza kelele kwenye mikalitusi. Debe lilikuwa pale pale kando ya jiko, limefunikwa vizuri. Akalifunua. Pasti zilikuwa zimelala kwa safu kama alivyozipanga jioni, kila moja na herufi zake pembeni: W.T., J.P., S.A. Iliyokosekana ni moja tu, ile ndogo ya mwisho, isiyo na herufi.

Mji wa dhahabu wa Tarrawing ulijengwa na wachimba migodi waliotoka Kornwali, ng'ambo ya bahari, na watu hao hawashuki mgodini bila pasti: unga uliokunjwa juu ya nyama, viazi na vitunguu, ukingo ukasokotwa kama kamba. Kwenye pembe moja mpishi huchoma kwa ncha ya kisu herufi za jina la mlaji. Pasti yenye herufi zako ni yako hata ukiisahau kutwa nzima juu ya jiwe huko chini. Hakuna mkono mwingine utakaoigusa. Unga unaobaki hufanywa kipasti kidogo kisicho na jina, na hicho ni cha yeyote.

Basi mwizi huyu alikuwa na adabu za kwao. Hilo ndilo lililomtia Tamsin baridi mwilini.

"Panya," alisema Bridie Quilty alipofika na kikapu chake. Bridie alikuwa mjane wa nyumba ya pili, mtu wa Ireland, mwenye ulimi usiolala.

"Panya anafunika debe akimaliza?"

"Ha! Basi amelelewa vizuri kuliko mimi." Bridie akazipanga pasti kikapuni na kuzifunika kwa mashuka machafu, mtu akimwona aseme anakwenda kufua. "Na zenye herufi hazigusi? Mwizi gani huyo, anasoma kwanza ndipo ale?"

"Ndiyo nakwambia. Si mpita njia. Mpita njia angebeba debe zima."

Bridie akashusha sauti. "Shoga yangu, huyo haibi. Huyo anakusanya ushahidi."

Ndivyo Tamsin alivyokuwa akiwaza mwenyewe.

Nyumba walizokaa zilikuwa za hisani, safu moja ya matofali mekundu iliyojengwa na Mzee Josiah Nankervis kwa ajili ya wajane wa mgodini. Mzee huyo alikuja Tarrawing na koleo na mke, wakalala hemani, binti yao akazaliwa humo humo hemani mvua ikinyesha. Kisha dhahabu ikamtokea. Akajenga hospitali, akajenga shule, ukumbi wa kusomea, na chemchemi ya mawe sokoni ambapo farasi na watu hunywa pamoja. Mtoto wa Tarrawing alizaliwa kwa Nankervis, akasoma kwa Nankervis, akiugua akarudi kwa Nankervis. Watu walishukuru mchana, na jioni wakajiuliza mtu anayetoa kiasi hicho ameficha kiasi gani.

Nyumba zile hazikuwa na komeo. Mzee aliagiza hivyo, eti watu wanaolelewa pamoja hawafungiani milango. Wajane, kwa upande wao, walielewa kwamba Nankervis anaweza kuingia wakati wowote na kunusa sufuria. Na palikuwa na sharti jingine: ndani ya nyumba za hisani, hakuna biashara. Mjane mwenye biashara ameshapata njia; ampishe mwenzake.

Tamsin alikuwa na biashara. Bridie aliziuza pasti langoni mwa mgodi, wakagawana. Hakuwa akitaka utajiri. Alitaka kufika Desemba tu. Jioni alisoma darasa la watu wazima pale ukumbini, na Desemba kulikuwa na mtihani. Akishinda angefundisha watoto wadogo, angepanga chumba chake mwenyewe, na sharti la Nankervis lingebaki na wenyewe. Lakini Desemba ilikuwa mbali, na sasa ilikuwa Julai, ukungu ukikaa bondeni mpaka adhuhuri. Kufukuzwa sasa kulikuwa ni kwenda kuishi kwenye mahema ya bondeni, na kifua cha Keziah kisingevuka Julai hemani. Daktari alikwisha kumwambia, bila kuzunguka.

Aliyebaki wa ukoo ule alikuwa Bi Honor, yule binti wa hemani, sasa mwenye mvi na asiyeolewa. Mwaka ule benki zilifilisika, zikafunga milango, na mji ukaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Farasi wake waliuzwa. "Anataka wapya," walisema. Piano ilibebwa mchana kweupe. "Hapendi tena muziki." Madirisha ya nyumba kubwa kilimani yalikaa giza. "Ubahili! Anakalia dhahabu ya baba yake kama kuku."

Jumapili, kwenye chai ya kanisani, Tamsin alimchunguza. Bi Honor alikaa wima, glavu mikononi, akiuliza habari za kila mtu. Alikuja hadi kwa Tamsin.

"Dada Hocking, kifua cha mtoto kinaendeleaje?"

"Kinaendelea, Bi Honor."

"Na masomo? Mwalimu ananiambia huendi mbio, lakini hujarudi nyuma."

Tamsin alihisi uso ukimwaka. Kumbe hata darasani ana masikio. "Najitahidi, bibi."

"Na unapika sana siku hizi. Harufu inafika barabarani." Bi Honor alitabasamu kidogo na kupita.

Baadaye, watu walipoinuka kwa wimbo wa mwisho, Tamsin alimwona akichukua vipande vya mkate sahanini, upesi, na kuvitia kwenye mkoba. Alitazama kushoto na kulia kwanza.

"Mkate wa kanisani pia!" Bridie alishangaa alipohadithiwa. "Sasa anamchunguza Mungu mwenyewe. Angalia bwana, siku ya ukaguzi wa nyumba atakuja na huyo mwanasheria Spargo, watoe pasti yako mkobani, waiweke mezani: shahidi namba moja."

"Nyamaza, Bridie. Mtoto anasikia."

"Asikie. Ndiye atakayelala hemani."

Tamsin hakulala vizuri tena. Alipika vilevile, maana wanaume walikuwa wakimtegemea, na kila mara alimaliza na kile kipasti kisicho na jina. Mara nyingine alitaka kuacha kukifanya. Lakini mama yake alikifanya, na bibi yake, na mkono wake haukukubali kutupa unga.

Alfajiri ya kuamkia ukaguzi hakungoja kitandani. Alijikunja kwenye kona nyuma ya kabati la jikoni, shali kichwani. Alikuwa ameyapanga maneno: Bibi, kama una neno, niambie mchana, machoni pangu.

Mlango uliinuliwa kidogo, ukafunguka. Makaa ya jikoni yalitoa mwanga hafifu, na Tamsin aliona glavu, halafu mvi. Bi Honor alilifunua debe. Vidole vyake vilipita juu ya pasti moja baada ya nyingine vikipapasa pembe, vikitafuta ile isiyo na alama. Akaitoa. Tamsin akavuta pumzi ili aseme.

Lakini Bi Honor hakuitia mkobani. Aliinamisha kichwa, akanong'ona sala ya chakula, ile ile ya watoto inayosemwa Tarrawing nzima. Kisha akala. Alikula amesimama, mkono mmoja ukiwa chini ya kidevu kukinga makombo, haraka kama mtu aliyeshikwa na jambo la aibu. Alipomaliza, aliyalamba makombo kwenye glavu. Kifuniko kikalia kidogo. Mlango ukainuliwa, ukafungwa.

 Tamsin alibaki pale pale sakafuni akikumbuka farasi, na piano, na madirisha yenye giza. Akakumbuka pia kwamba tangu benki zifunge, hospitali haijazima moto hata siku moja. Keziah alilazwa pale mwezi wa Mei, akapewa maziwa kila asubuhi. Hakuna aliyeuliza maziwa yanatoka wapi. Walikuwa wanashughulika kuuliza dhahabu imekwenda wapi.

Bridie alipoambiwa, aliketi juu ya kikapu chake. Halafu akapiga goti lake kwa kofi.

"Basi umemshika! Leo akifungua mdomo kuhusu biashara, nawe unafungua wako. Aliye juu kilimani anakula makombo yetu! Atakuacha ukae hapa mpaka ufe."

"Atanyamaza, ndiyo."

"Ndiyo nini sasa? Mbona umekunja uso?"

"Bridie, ungemwona mtu anakula hivyo, ungesema ni wa kushikwa?"

"Mimi sikumwona. Mimi namwona Keziah."

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Tamsin akageukia meza. Kulikuwa na unga. Akaukanda, akajaza nyama zaidi ya kawaida, akausokota ukingo. Keziah, aliyezijua herufi kwenye pasti kabla ya kuziona kitabuni, alipanda juu ya kigoda kutazama ncha ya kisu ikichoma.

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya mwenyewe. Usiiguse." Akaioka, akaiweka mezani pembeni ya sinia la zingine, akaifunika peke yake kwa kitambaa, iwe tayari kwa alfajiri ijayo. Kama kungekuwa na alfajiri ijayo.

Walifika kabla Bridie hajaondoka na kikapu. Bwana Spargo, mwanasheria wa wakfu wa Nankervis, hakuwahi kufika mapema hivyo; safari hii alianza na nyumba yao. Aliingia bila kubisha, Bi Honor nyuma yake, na macho yake yakatua moja kwa moja kwenye meza.

"Loo. Mjane mmoja na mtoto mmoja." Spargo akainama juu ya sinia. "W.T. J.P. S.A. Mama Hocking, una majina mangapi?"

Bridie alimkanyaga Tamsin mguu. Sema. Sema sasa. Tamsin alimtazama Bi Honor, na akaona kwamba Bi Honor naye anamtazama, macho makali ya mtu asiyejua mwenzake anajua nini. Mkono wake ulikuwa umeukamata mkoba.

Tamsin alifumba mdomo. Akamvuta Keziah karibu na sketi yake.

"Nilidhani hivyo," alisema Spargo. "Sharti liko wazi. Nasikitika, lakini wiki hii..."

"W.T. ni William Trembath," alisema Bi Honor.

Sauti yake ilikuwa ya chini. Spargo akageuka.

"William ndiye aliyemtoa mume wa huyu dada chini ya mawe kwa mikono yake. J.P. ni Jabez Pender, aliyeshika upande wa pili. S.A. alilibeba jeneza. Baba yangu alikataza biashara, bwana Spargo. Hakumkataza mjane kuwapikia watu wake, na hao wakimshukuru ni shauri lao. Niliwahi kumuuliza."

"Ulimuuliza lini, Bi Honor? Hakuna mahali palipoandikwa..."

"Nilikuwa mdogo, na yeye alikuwa anakula pasti. Ungependa nilithibitishe hilo kwa kiapo kanisani?"

Spargo alikohoa. Alimtazama kila mmoja kwa zamu, kama mtu anayejua kachezewa ila hajui wapi. "Kwa neno lako, basi. Kwa mwaka huu." Akatoka, na Bridie akatoka na kikapu nyuma yake, akimwonyesha ni mlango upi wa kwake, ingawa Spargo aliujua.

Bi Honor hakuondoka mara moja. Alisimama karibu na sinia akiivuta glavu yake, ambayo ncha ya kidole ilikuwa imeshonwa na kushonwa tena. Tamsin alitafuta la kusema. Asante lilikuwa dogo. "Karibu ule" lingemwambia kwamba ameonwa.

"Jitahidi na mtihani, dada," alisema Bi Honor, na kugeukia mlango.

Keziah alijichomoa kwenye sketi ya mama yake. Alipanda kigoda, akakifunua kitambaa, akaishika pasti kwa mikono miwili kwa kuwa ilikuwa nzito. Akaipeleka, kidole chake kikiwa juu ya pembe yenye herufi mbili, H na N.

"Bi Honor, hii ni yako."