Matairi Mapya ya Mzee Telesphory

Mwaka 2015 mpunga wa bonde la Luiche uliiva kabla ardhi haijakauka. Kombaini ya kuvunia ya Mzee Telesphory ilizama siku ya kwanza tu, ikavutwa na trekta mbili. Ndipo akamwagiza fundi Gervasi aiongezee magurudumu ya mbele, yawe mawili mawili kila upande, ili uzito usambae matopeni.

Gervasi alikuwa na gereji Rusimbi. Dereva wa kombaini hiyo alikuwa mdogo wake, Oswald. Na wiki zile Gervasi alikuwa akisaidiwa kazi na Ndayikunda, mwanamume wa makamo kutoka Burundi, aliyewahi kuendesha mashine kama hiyo miaka mingi katika mashamba ya Imbo huko kwao. Alivuka mpaka kupitia Kagunga mwezi Mei, akikimbia machafuko. Wenzake walipopelekwa kambi ya wakimbizi, yeye alijificha Ujiji kwa shangazi yake, bila karatasi yoyote.

Telesphory alileta matairi ya kufungwa upande wa nje, mapya, manene. Ndayikunda aliyazungushia kamba, kisha akapima yale ya zamani ya upande wa ndani, yaliyokwisha kuwa vipara. Akatikisa kichwa.

"Oya, hapana, mzee. Haya hayalingani. Ya nje ni marefu. Ikipanda tuta gumu, la nje peke yake litabeba mzigo wote. Boliti zitakatika."

"Nani kakuuliza?" Telesphory alisema. "Au unataka nikuonyeshe basi la kambini?"

Ndayikunda akakunja kamba yake. Gervasi alijua mtu yule anasema kweli. Alijua pia kwamba mvua ikirudi mpunga utalala. Akashika spana, akafunga.

Siku ya kwanza kombaini haikuzama, na watu walishangilia. Jioni Oswald alikuta nati tatu zimelegea, akazikaza. Kesho yake zililegea sita. Siku ya tatu, mchana, akapiga simu.

"Kaka, kuna kitu kinalia huku kushoto. Kama mtu anasaga meno."

"Simamisha mashine!"

"Mzee amekataa. Anasema yamebaki majaruba mawili tu."

Gervasi akampakia Ndayikunda kwenye pikipiki. Walipofika, kombaini ilikuwa inaanza kupanda tuta la mfereji. Walikimbia wakipunga mikono, lakini injini ilimeza sauti zao. Boliti zikakatika mfululizo, pa! pa! pa! Ndayikunda akajitupa chini kifudifudi, kama alivyozoea kufanya risasi zikilia alikotoka. Alipoinua kichwa, gurudumu lilikuwa linabingirika peke yake na kombaini imelala ubavu mferejini.

Oswald alinaswa mguu, maji yakimfika kidevuni. Ndayikunda aliingia akamshikilia kichwa juu ya maji, karibu saa nzima, mpaka trekta ikafika.

Polisi walipokuja, Telesphory alinyoosha kidole. "Mkimbizi huyu ndiye aliyelegeza nati."

Ndayikunda, akitetemeka kwa baridi, alimtazama Gervasi.

"Nilifunga mimi," Gervasi alisema. "Yeye alituonya wote wawili. Mzee alisikia. Na mimi nilisikia."

Maelezo yake yakaandikwa. Ndayikunda hakushtakiwa, ila aliulizwa karatasi, naye hakuwa nazo. Baada ya siku nne akapandishwa basi la kambini. Gervasi alimfuata hadi dirishani.

"Oswald anaendeleaje?" Ndayikunda aliuliza.

"Wamemkata mguu chini ya goti. Lakini anakula, anaongea."

"Anasemaje?"

"Sijui. Anaongea na kila mtu, isipokuwa mimi."