Saa Sita Imepita, Hazijapita

Kuna hasira za kupiga kelele na kuna hasira za kukunja nguo. Mama Dakika alijaliwa hizi za pili. Akiudhika hugombi naye, utamkuta tu chumbani anakunja mashuka, anayapiga kofi, anayakunja tena, na watu wa nyumbani kwake wakiona kabati limepangika kupita kiasi walijua kuna mtu kakosea.

Jina hilo alipewa kazini, hospitalini, katika chumba cha kuoshea na kutakasa vifaa vya upasuaji. Yeye ndiye aliyesimamia mashine kubwa ya mvuke. Daktari akija kugonga mlango, akiomba mikasi yake itolewe mapema, jibu lilikuwa lilelile: mashine haianzi kuhesabu ulipobonyeza kitufe, inaanza kuhesabu joto lilipofika. Joto likichelewa dakika saba, utasubiri dakika saba, hata uwe bingwa wa mabingwa. Walimnunia, naye aliwaacha wanune.

Kazini, basi, dakika zake ziliheshimiwa. Nyumbani zilikuwa mali ya umma. Alikuwa na binti wa miaka tisa, wa kati wa miaka sita, na kitindamimba wa mwaka na nusu aliyekwisha kujua kutembea na hataki kushikwa mkono. Baba watoto alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, halewi, hapigi, na kila aliyemjua alimwambia Mama Dakika kwamba amebahatika, kwa kuwa mumewe anamsaidia watoto. Anamsaidia! Neno hilo lilimkera kuliko matusi. Utadhani watoto walikuwa wa jirani, na huyu bwana kapita njiani akaona huruma.

Siku aliyosema kwamba atakimbia marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushee, mama mkwe wake alishika tama kana kwamba kaletewa taarifa ya msiba. Baba watoto alicheka, kisha alipoona mkewe hacheki, akaleta masharti.

"Tufanye hivi, mama watoto. Ukimaliza, tena uhesabiwe rasmi kwamba umemaliza, Jumapili asubuhi zitakuwa zako. Kuanzia alfajiri mpaka saa tatu, kimbia utakavyo, watoto nitakaa nao mimi. Usipomaliza, haya mambo ya ujana tuyafunge. Sawa?"

Alijibu "sawa" harakaharaka, maana kitindamimba alikuwa anapanda meza. Baadaye, mashuka mkononi, ndipo alipojiuliza kwa nini mtu mzima akimbie kilomita arobaini na mbili ili apewe asubuhi moja ya wiki. Lakini sawa ilikwisha kumtoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alifanya mazoezi miezi mitano. Kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia watoto, aliuzunguka ua wa nyumba zao za ghorofa, watoto wakicheza katikati awaone. Mizunguko tisini ilitimiza kilomita kumi. Alipita kwenye kamba za nguo, akapita mapipa ya taka, akapita lile gari bovu la mwenye nyumba, akarudi kwenye kamba za nguo. Siku nyingine alikimbia kwenda kazini, sare ya kazi ikiwa mgongoni ndani ya mkoba wa shule wa binti yake. Majirani hawakukosa la kusema. "Mama, unamkimbia nani?" "Polepole ndio mwendo!" Na swali lililopendwa kuliko yote: "Watoto umemwachia nani?" Aliulizwa hata na mtu aliyekuwa amesimama katikati ya watoto wenyewe, mmoja kamshika suruali.

Mumewe alipokwenda wiki mbili kufunga friji za ghala moja la mbali, hakuna aliyemuuliza watoto kamwachia nani.

Siku yenyewe ikafika. Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Nyuma ya namba aliyoibandika kifuani palikuwa na masharti kwa herufi ndogo, naye kwa desturi ya kazi yake aliyasoma yote. Moja lilisema: *Mbio zitafungwa baada ya saa sita kupita. Atakayechelewa hatahesabiwa wala hatapewa medali.* Mazoezi yalimwonyesha kwamba akijitunza angemaliza kwa saa tano na nusu na kidogo. Nafasi ilikuwepo, japo finyu.

Ila mgeni rasmi hakutokea. Wakimbiaji walisimama mstarini, wakapasha misuli moto, misuli ikapoa, wakapasha tena. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja wenyeji wakiwa wameanza kuugua. Aliteremka kwenye gari lenye kiyoyozi, akashika kipaza sauti, na akahutubia, Mungu shahidi, juu ya umuhimu wa kutunza muda. Bendera ilipeperushwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Mama Dakika alibonyeza saa yake ya mkononi, akaondoka.

Kilomita ishirini za mwanzo zilikwenda vizuri. Hakukuwa na mtu wa kumwita mama, naye alishangaa jinsi mtu anavyoweza kukamilisha wazo moja mpaka mwisho. Jua likapanda, mapaja yakaanza kuwaka, akaendelea. Kilomita ya thelathini na moja simu ikalia kiunoni. Mumewe ndiye aliyesisitiza aibebe, kwa ajili ya dharura.

"Samahani, najua unakimbia," alisema baba watoto. "Nguo za mtoto za kubadilisha umeziweka wapi?"

"Droo ya pili. Kushoto."

"Kushoto kwangu au kushoto kwa droo?"

Alikata simu. Kwa kilomita mbili nzima alikimbizwa na hasira, na tuseme ukweli, hizo ndizo kilomita mbili alizokimbia kwa kasi kuliko zote.

Baada ya hapo mwili ulianza kudai haki yake. Kidole gumba cha mguu kilivuja damu kiatuni. Alipofika kilomita ya thelathini na nane aliwapita watu sita waliokuwa wakitembea zaidi ya kukimbia, miongoni mwao mzee mwenye bandeji gotini.

"Tutawahi, mwanangu?" mzee aliuliza.

Aliangalia saa yake. "Mnawahi, baba. Msisimame tu."

Basi alipoingia uwanjani na kuona tao la kumalizia limelala chini, upepo umelitoka, kama shuka lililoanguka kwenye kamba, hakuelewa. Vijana wawili walikuwa wanakunja nyaya. Ule mkeka wa kunasa muda, unaosoma kidude kilichofungwa kwenye kamba za kiatu, ulikuwa umezungushwa ukafungwa kwa kamba. Medali zilikuwa zinarudishwa kwenye maboksi. Saa yake ya mkononi ilisoma saa tano na dakika thelathini na nne.

Mtunza muda, bwana wa makamo mwenye filimbi shingoni, alimjia mikono mbele kana kwamba anazuia ng'ombe.

"Pole, mama. Tumeshafunga. Saa sita imepita."

"Imepita?"

"Imepita." Akamwonyesha saa kubwa ya uwanjani. Kweli, ilikuwa saa sita na dakika tisa mchana.

Mama Dakika alipumua kwa kinywa. Miguu ilikuwa imechoka, lakini kichwa kilikuwa safi kama sinia la vifaa vya upasuaji.

"Imepita, bwana," alisema. "Lakini hazijapita."

"Hazijapita nini?"

"Saa sita." Alibandua namba kifuani, akaigeuza. "Soma mwenyewe. Mbio zitafungwa baada ya saa sita kupita. Saa sita ya mchana ni moja, hiyo imepita, sikatai. Saa sita za kukimbia ziko sita, na hizo hazijapita. Tumeanza saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. Bado dakika ishirini na sita."

"Mama, ratiba ilisema kuanza saa kumi na mbili kamili."

"Ratiba ndiyo iliyokimbia?"

Mmoja wa wale vijana wa nyaya aligeuka pembeni kuficha meno. Hapo ndipo baba watoto alipofika, kitindamimba begani, wale wawili nyuma yake.

"Basi, mama watoto," alisema kwa upole. "Umejitahidi sana. Tulifika wakati wanashusha hilo tao, nikawaambia watoto mama hakuwahi. Ndiyo mambo ya michezo. Twende nyumbani."

Alimtazama mumewe. Maneno yalikuwa ya kufariji, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Jumapili zake zilikuwa zimesalimika. Saa ya mchana ilimfaa, akaikubali bila swali, mtu huyuhuyu ambaye friji ikimsumbua huikagua mpaka usiku kujua kosa liko wapi. Mama Dakika aliumia kuliko kidole kilivyomuuma. Na kwa kuwa hapakuwa na mashuka karibu ya kukunja, hasira ilitoka kwa njia ya kinywa.

"Nani kakwambia sikuwahi? Umeniuliza mimi? Umeangalia saa yangu?" Akamgeukia mtunza muda. "Na wewe! Mimi naendesha mashine ya kutakasa vifaa hospitalini. Dakika zinahesabiwa tangu kazi ilipoanza, hazihesabiwi tangu mtu alipopanga ianze. Ningehesabu kama unavyohesabu wewe, watu wangekuwa wanapasuliwa kwa mikasi michafu. Bwana mkubwa wenu katuchelewesha dakika thelathini na tano, hamkumkata hata moja. Mmeona mkate za kwetu! Tulisimama pale tukahutubiwa habari za muda, sasa leteni huo muda!"

Watu walianza kusogea. Mtunza muda alisoma yale masharti, akayasoma tena, midomo ikicheza. Unaweza kumwona mtu akitafuta pa kutokea ndani ya sentensi.

"Haya," alisema hatimaye. "Kwa kukuhurumia, mama, tutakuhesabu wewe. Halafu tunafunga."

"Huruma kawape wagonjwa. Nyuma yangu kuna watu sita, na mmoja ni mzee wa goti bovu niliyemwambia kwamba anawahi. Tandika mkeka."

"Mama..."

"Tandika."

"Bosi," alisema yule kijana wa nyaya, "mama anasema kweli. Lugha yenyewe inamtetea. Imepita, hazijapita."

Wakatandika. Mama Dakika alirudi nyuma hatua kumi, akakimbia, au tuseme akachechemea kwa heshima, akavuka. Mashine ya muda ililia. Ilisoma saa tano na dakika arobaini na tatu.

"Toa tisa," alisema. "Hizo nilikuwa nagombana na wewe."

Mtunza muda alikata tisa kwa kalamu kwenye orodha yake, akaandika thelathini na nne, akatia sahihi yake. Medali ikatolewa kwenye boksi. Baba watoto alisema sasa waende, maana watoto wana njaa, naye akamjibu kwamba mkoba wa chakula uko begani kwake mwenyewe. Kisha akakaa juu ya boksi la medali, mtu asije akalifunga, akasubiri. Wakaja wawili, akaja mmoja, wakaja kina dada wawili wameshikana mikono. Mzee wa goti alivuka zikiwa zimebaki dakika mbili, akainama kwa muda mrefu, halafu akauliza kama kuna maji. Zilipotimia saa sita, Mama Dakika mwenyewe aliinuka, akasema, "Sasa zimepita. Fungeni."

Watu walipiga makofi. Baba watoto naye alipiga, mkono mmoja ukigonga paja, mwingine ukimshikilia mtoto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja akamshika mkewe bega, anacheka, mkarimu kabisa, huku yule mzee na wale vijana wa nyaya wakisikia.

"Haya bwana, umenishinda. Ahadi ni deni. Jumapili asubuhi nimekupa."

Mama Dakika aliinama kuvua kiatu, soksi ikatoka na damu. Aliinua uso.

"Umenipa?"

"Si tulikubaliana? Nimekupa. Kwa roho safi."

"Asante," alisema. "Na wewe Jumamosi unaondoka saa nne kwenda kucheza drafti, unarudi jua limezama. Tangu tuoane. Hizo alikupa nani?"

Baba watoto alimtazama mtoto begani, akatazama tao lililolala, akamtazama mzee, naye mzee akajifanya anafunga bandeji yake. Binti yao wa miaka tisa alikuwa amesimama kati yao, anamtazama baba yake usoni, akisubiri jibu kama mama yake.