Limefungwa, Kuna Mamba

Kila mvua zilipokatika, familia ya Tahlia ilitoka mjini Darwin, Australia, kwenda kupiga hema hifadhini, kando ya bwawa moja chini ya maporomoko. Mwaka jana mama alikuwa hospitali, saratani imemmaliza, akaomba kitu kimoja tu: aoge pale mara ya mwisho. Baba akasema bwawa limefungwa, askari wa hifadhi wameona mamba. Mama akafa na hamu yake.

Mwaka huu baba alikuja na Kerryn, mwanamke wa kazini kwake. "Hajawahi kufika huku, maskini," alisema.

Hema halijasimama vizuri, Kerryn akajitosa, akaogelea moja kwa moja hadi kwenye lile jiwe lililozama, ambalo mgeni halioni hata umwonyeshe kwa kidole. Akalikalia kama kiti cha nyumbani kwake.

"Jiwe umelijuaje?" Tahlia akauliza.

"Si tulikaa hapa na baba yako mwaka jana! Wee, maji yalikuwa baridi!"

Baba akainama ghafla, akakaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

"Baba! Mama alikusihi akilia," Tahlia alisema. "Ukamwambia kuna mamba!"