Marehemu Astère Anaonja Chupa Ruziba

Baada ya misa ya asubuhi, Ernestine alikuwa uani kwake Ruziba akichuja maji ya matunda ya maracuja, wakati mume wake Astère alipoingia, akavuta kigoda, akaketi. Astère alikuwa amezikwa mwezi wa tatu.

“Umechelewa,” Ernestine alimwambia.

“Huko kuna watu wengi,” Astère alijibu. Akachukua kikombe, akaonja, akamrudishia mkewe. “Ni nzuri. Kunywa.”

Kuonja ni kazi ya mwenye nyumba. Mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajapiga funda la kwanza, ili ajue hakuna ubaya ndani. Astère aliishika desturi hiyo maisha yake yote, ila siku moja alikuwa shambani peke yake, ana kiu, akainua chupa ya soda iliyojazwa dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Muuza dawa wa sokoni huinunua kwa madumu, kisha huwapimia watu kwenye chupa za soda, maana ndizo zilizopo. Hospitalini waliuliza amekunywa nini. Hakuna aliyejua. Mtaani wakasema amelogwa, wakaenda kuzika.

Sasa alikuja kila asubuhi kuonja. Sumu haikuwa na la kumfanya tena. Majirani walipopata habari walipanga foleni uani na chupa zao, na lalamiko lao lilikuwa moja tu, kwamba wengine wanapitishwa mbele.

Siku ile aliyepitishwa mbele alikuwa Danielle, jirani wa nyumba ya pili. Alikuja mbio, mwanawe Bonfils mgongoni, mkono mmoja chupa, mwingine kikombe cha maziwa.

“Dada Ernestine, mutoto amekunywa hii. Nimupe maziwa atapike?”

“Apana,” alisema Astère. Akaonja chupa, akakunja uso kidogo. “Petroli ya taa. Usimutapishe, itaingia mu mapafu. Kimbia hospitali, uende na chupa, uwaambie ni petroli ya taa.”

Danielle akaondoka.

“Na we umejulia wapi haya yote?” aliuliza Khadidja mwenye duka, aliyekuwa kwenye foleni. “Ulipokuwa muzima hata kufunga kuku ulikuwa unasahau.”

“Huko tuko wengi tuliokunywa vitu,” Astère alisema. “Kazi hatuna. Kila mutu akifika anaeleza alikunywa nini, walimufanyia nini, na iliishaje. Ukikaa kusikiliza unajifunza.”

Jioni Bonfils alirudi nyumbani akidai ndizi. Ernestine alipiga magoti akamshukuru Mungu. Alipokuwa bado anasali, aliwafikiria watu wa milimani, ambao Ruziba ni mbali kwao. Kesho yake alivaa kitenge chake cha Pasaka akaenda Kigobe, kwenye ofisi ya serikali aliyoelekezwa, akapokewa na bwana mmoja aitwaye Tajudini.

“Naomba namba ya simu ya kuulizia mambo ya sumu, Chef,” Ernestine alisema. “Mutu akiwa milimani kule Kayanza apige, aambiwe la kufanya kabla mugonjwa hajafa.”

Tajudini alikuwa amekwisha kusikia habari za Astère, na zilimpendeza. “Mama, kumbe kituo cha sumu tunacho. Tena hakiombi mushahara.”

“Basi mumupe simu.”

“Laini inataka kitambulisho. Cha marehemu kilirudishwa.”

“Muandike kazi mutu aliye hai, Astère amufundishe.”

“Aliye hai atataka mushahara, Mama.”

“Na yule wa sokoni, anayejaza dawa mu chupa za soda?”

“Yule analipa kodi vizuri sana,” alisema Tajudini, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote.

Siku chache baadaye akaja mwanamke kutoka Kayanza, jina lake Spéciose. Alishuka basi, akauliza njia, akafungua kitenge mbele ya Astère. Ndani mlikuwa na chupa ya soda.

Astère akaonja. “Ni ileile iliyoniua mimi. Iko na dawa ya kuivunja nguvu, hospitali kubwa wanayo. Wakijua jina, watamupa mugonjwa.”

“Sikujua jina,” Spéciose alisema. “Na pa kuuliza hapakuwa. Mume wangu tulimuzika jana.”

Ernestine alimpa maji ya maracuja, yaliyokwisha kuonjwa. Spéciose akayamaliza, akashukuru, akauliza basi la kurudi linapita wapi.

Asubuhi iliyofuata Astère hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, mwenye udongo mwekundu kwenye suti, ameshika kofia mkononi.

“Huyu ni mume wa Spéciose,” alisema Astère. “Dawa za wadudu wa kahawa anazijua kuliko mimi.”

“Karibu, shemeji,” alisema Ernestine. Foleni ilikuwa imefika barabarani, na mtu wa mbele kabisa alikuwa tayari amefungua kizibo. Ernestine akamwoshea mgeni kikombe kingine.