Ndevu za Upande Mmoja

Kaka mtu alikuja na kopo. Hakuleta pole wala matunda. Alileta kopo kubwa la unga wa kahawia, lenye picha ya ubongo unaotoa miale, akalitua mezani kwa kishindo kama mtu aliyemaliza kazi.

"Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni," alisema. "Aliyeniuzia ameapa. Kichwa kinarudi kipya."

Denge alilitazama tu. Jina hilo wateja walimbandika kwa ajili ya kile kishungi cha nywele alichokuwa akijiachia utosini. Alikuwa kinyozi, tena kinyozi hodari, mpaka siku alipopanda ngazi kupaka rangi dari ya saluni yao, yeye na kaka yake, akaporomoka na kugonga kichwa sakafuni. Hospitali walimwokoa. Akili alirudi nazo, ila maneno yalimjia kwa kuchelewa, uchovu ulimwangusha mchana kweupe, na mkono wa kulia, mkono wa wembe, ulitetemeka na kufanya mambo yake wenyewe.

"Na... kiti changu?" aliuliza.

Kaka mtu akakohoa kikohozi cha kutafuta maneno. Saluni ilikuwa na viti viwili, chake na kile cha dirishani cha Denge. Wateja walikuwa wanaondoka kwa kuchoka kusubiri. Alisema amepata kinyozi mwingine, ataanza mwaka mpya ukiingia.

"Wewe pumzika, mdogo wangu. Wembe si kijiko. Siku utakayonyoa puto bila kulipasua, njoo udai kiti chako."

Alicheka peke yake. Mke wa Denge hakucheka.

"Umesema mwenyewe, shemeji," alimwambia. "Usije ukayaruka maneno yako."

Kesho yake mume na mke walilibeba kopo hadi kliniki, kwa dada wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi asiyejua kubembeleza. Alivaa miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Sukari," alisema. "Halafu sukari tena. Halafu rangi." Akalisukuma pembeni. "Vidonge ulivyoandikiwa na daktari baada ya kupimwa damu, meza. Kula samaki, mayai, maharagwe, mboga za majani. Pombe sahau. Lala usingizi wa kutosha. Lakini mazoezi utafanya mwenyewe, kopo halitakufanyia. Na ukichoka, pumzika. Kupumzika ni sehemu ya mazoezi, usione aibu."

Basi mke wa Denge akapata kazi. Huyu mwanamke akipewa sheria huongeza na zake. Kila asubuhi alichemsha yai, akaliweka mbele ya mumewe na ganda lake.

"Mkono wa kulia," alisema. "Usipomenya, huli."

Siku ya kwanza Denge alikula ganda zaidi ya yai. Siku ya pili alipandwa na hasira, akalivurumisha yai ukutani. Mkewe alifagia, akaweka jingine.

"Yako mengi," alisema.

Denge alikanda unga wa nyumba nzima. Alipanda na kushuka ngazi za jengo lao mpaka majirani wakazoea kumpisha. Wengine walimwonea huruma, "maskini, alikuwa fundi kweli," na hilo neno maskini lilimuuma kuliko kichwa. Jioni alipaka puto povu la sabuni, akashika wembe. Pa! Povu lilimrukia kwenye nyusi na kwenye mapazia. Pa! Muuza duka alimuuliza mkewe ni sherehe ya nani, mbona maputo kila siku.

"Ya mume wangu," alijibu. "Anazaliwa polepole."

Mwaka ulipokaribia kuisha, Jumamosi saluni ikiwa imefurika, Denge aliingia kwa miguu yake, puto kwapani, mkewe nyuma na mkoba. Hakusalimia mtu. Alilifunga puto kwenye kiti cha dirishani, akalipaka povu, akafungua wembe. Ukasikika wembe tu ukikwaruza. Puto likatoka safi, zima.

Benchi zima la wateja likapiga makofi. Kaka mtu hakupiga.

"Puto halina damu," alisema. "Mteja anayo."

"Basi... kaa wewe."

Waliokuwa kwenye benchi wote walimgeukia kaka mtu. Afanyeje? Tangu Denge aanguke alikuwa akijinyoa ndevu mwenyewe, na ilionekana. Denge alilitoa puto, kaka mtu akakaa, akafumba macho.

Wembe ulishuka shavu la kulia, ukazunguka kidevu kwa ustadi ule ule wa zamani. Kisha Denge akahisi mtetemo unaanzia begani, kama kawaida yake. Denge wa zamani angeharakisha amalize. Huyu alifunga wembe.

"Nimechoka. Subiri."

"Nisubiri na ndevu upande mmoja?"

"Ndiyo."

Denge akakaa kwenye benchi. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akaiacha ipande, ikachoka yenyewe. Mkewe alimpa yai. Akalimenya kwa mkono wa kulia, taratibu, ganda likitoka vipande vikubwa vikubwa, na saluni nzima ikimtazama.

"Denge, bwana, watu wanatazama," alinong'ona kaka mtu, povu likimkaukia shavuni.

"Watazame."

Alitafuna mpaka akamaliza. Akanywa maji, akaunyoosha mkono mpaka ukatulia, akasimama. Shavu la kushoto lilinyolewa kama la kulia. Kaka mtu alijipapasa akitafuta damu, hakuiona, na machozi yakamlenga mbele za watu.

"Nilikuona pale sakafuni," alisema, "nikajua umekwisha. Niliogopa, mdogo wangu."

"Sijaisha."

"Na ukichoka na mteja kitini?"

"Atasubiri. Wewe si umesubiri?"

Kaka mtu aliinuka, akatoka nje na simu yake kumwambia yule kinyozi mwingine asije. Denge alikung'uta kitambaa, akageukia benchi.

"Nani... anafuata?"

Kiti cha kaka mtu kilikuwa wazi. Mteja wa mbele alikipita, akaketi dirishani, akalaza kichwa nyuma.

"Mimi," alisema. "Wala sina haraka."