Shikamoo Chini ya Bawa

Kapteni Eugenia alikuwa amechuchumaa chini ya bawa la kushoto, kiwanja cha ndege cha Mwanza, akikinga mafuta kwenye kikombe cha plastiki ili aone kama yana maji. Pembeni yake alikaa baba yake, Kapteni Longino, aliyezama ziwani na ndege Eugenia akiwa bado chuoni. Alikuja kila asubuhi na sare iliyolowa. Mfagiaji hakuwa na neno naye, ila madimbwi aliyoyaacha.

Longino alikuwa rubani hodari, na Eugenia hakumruhusu mtu aseme vingine. Siku aliyozama, naye alikuwa amechuchumaa hivihivi alipopita mwenye ndege, Mzee Kashindye. Mtu mzima hapiti bila kuamkiwa. Longino akainuka, akatoa shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, za migomba, za mvua. Alipokwisha kuitikia akaenda kukagua matairi. Mafuta hakuyatazama tena. Katikati ya ziwa injini ikanywa maji, ikazima. Adabu yake ndiyo iliyomponza.

Sasa Mzee Kashindye alikuwa anakuja na abiria wa Bukoba. Akasimama, akakohoa kidogo, akisubiri haki yake.

Eugenia hakuinua kichwa.

"Binti, leo hatusalimiani?"

Kwenye kikombe maji yalikuwa yamejitenga chini ya mafuta. Eugenia akamwaga, akakinga tena.

"Nshomile hao, wasomi wa Kihaya," alisema mama mmoja mwenye kapu. "Wakishasoma, salamu inawashinda."

"Jumatatu ndege hii anairusha Antoni," alisema Mzee Kashindye. "Yule amelelewa."

Maneno yale yalimchoma Eugenia, maana kazi ile aliipenda kupita kiasi. Lakini aliendelea kukinga mpaka mafuta yakatoka safi.

Ndipo Longino akainuka, akanyoosha kola, akamwinamia mwanawe mbele ya abiria wote.

"Shikamoo, Kapteni."

Mama mwenye kapu akasogeza kapu lake lisilowe. Eugenia hata baba yake hakumwitikia. Akahamia bawa la kulia, akamaliza, akakagua matairi, breki na milango. Alipokwisha kufunga mkanda ndipo akachungulia dirishani.

"Marahaba, Baba."

Fahari ilimjaa Eugenia kifuani. Akairusha ndege, akaitua Bukoba taratibu kama mtu anayetua mtungi uliojaa.

Jumatatu Antoni alichuchumaa palepale na kikombe chake. Mzee Kashindye akapita, akakohoa. Antoni akainuka upesi, akatoa shikamoo, akaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, akaitikia zote bila kuruka hata moja. Mzee akamsifu kwa abiria. Kisha Antoni akaenda kwenye matairi.

Longino, chini ya bawa, alisogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.