Beseni la Miguu la Ran Qifu

Baada ya mvua za mwisho za vuli, Tan Shuzhen aliopoa samaki wake waliokufa bwawani kwa kichujio cha tambi, akawapanga ukingoni. Walikuwa arobaini na mmoja, na maji yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa matembele. Marehemu mumewe alilichimba bwawa lile kwa jembe miaka miwili mizima, na samaki wake ndio waliokuwa wakimlisha mjane huyo.

Sababu ilikuwa juu, kwenye mtelemko. Ran Qifu alikuwa ameng'oa safu zote za miforosadi zilizokinga shamba lake ili udongo usishuke. Alilima mahindi moja kwa moja kutoka juu hadi chini, na kila alipoona wingu alimwaga urea juu ya udongo bila kuifukia. Mvua ilibeba mbolea na udongo pamoja, vyote vikaja kutua kwa Shuzhen. Bwana shamba alikuja mara mbili kumwambia Ran apunguze urea kwa theluthi, aifukie na arudishe miti.

"Wewe ukila wali unapimiwa kwa mizani?" Ran alimuuliza. "Niache mahindi yangu yashibe."

Shuzhen naye alipanda kwenda kumsihi.

"Kaka Ran, nipandie safu mbili tu za miforosadi. Samaki wangu wamekwisha."

"Pole, shemeji. Fuga vyura basi, wale hawachagui maji."

Mou, mkewe Ran, alicheka mpaka akapaliwa na mbegu za alizeti. Shuzhen alishuka na kicheko hicho masikioni, na hakikumtoka tena.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini udongo unazoleka. Katika vilima vile vya Sichuan, udongo ulioshushwa na mvua hubebwa mgongoni wakati wa baridi na kurudishwa juu, na wa jirani hurudishiwa jirani. Desturi haisemi umwagwe wapi. Shuzhen alijaza kapu tope la bwawani, akapanda ngazi za mawe za mtelemkoni. Alimkuta Ran kibarazani ameloweka miguu kwenye beseni la mbao, kama wafanyavyo watu wa huko jioni za baridi. Akalimwaga tope lote ndani ya beseni.

"Nimekurudishia mali yako," alisema.

Ran alichezesha vidole vya miguu. Kwa wingi wa urea iliyokuwamo, tope lilikuwa na moto.

"Aa, shemeji! Hili linashinda maji. Kesho lete tena."

Akaleta kesho, na keshokutwa, na kila siku. Siku ya tatu nywele za Ran zilikuwa za kijani kilichokoza. Siku ya saba suruali yake iliishia magotini, Mou akaiunga kwa kipande cha pazia. Siku ya ishirini Ran alikuwa akipanga upya vigae vya paa lake akiwa amesimama chini, ndani ya beseni, maana miguu ilishaota mizizi. Siku ya arobaini alikuwa akiwaamkia watu wa kijiji cha ng'ambo ya kilima. Hakuna aliyeshangaa. Wote walikuwa wakulima na walijua kuwa mmea ukishiba urea hurefuka upesi na shina huwa laini. Shuzhen alijua hivyo pia, na kila asubuhi alitoka nje kupima upepo kwa kidole kilicholowa mate.

Upepo ulikuja siku mbili kabla ya Mwaka Mpya. Ulitosha kupeperusha shuka kambani, basi. Ran alipinda kiunoni polepole, akalala kufuata mtelemko jinsi alivyokuwa akilima, kichwa kikaishia ukingoni mwa bwawa. Shuzhen alikuwa pale akiosha figili. Alifurahi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, naye hakumwambia.

"Shemeji, kiu," Ran alisema. "Lakini maji haya yananuka."

"Yako hayo, kaka. Kunywa."

Akanywa, kwa kuwa hakuweza kuinuka.

Wanakijiji walikuja kumtazama. Walimpima kwa kamba ya nyati wa kulimia, kamba ikapungua, wakaunga nyingine.

"Mama," mmoja alimuuliza Mou hatimaye, "mlitia mifuko mingapi?"

Mou akawatajia.

Majira ya kuchipua yalipofika na wingu la kwanza likatanda, mitelemko yote ilikuwa imeng'olewa miforosadi, na urea ilikuwa nyeupe juu ya udongo wa huko wa rangi ya zambarau mpaka kileleni. Mvua ikanyesha usiku na mchana. Ilipokatika, Shuzhen alichukua kichujio cha tambi, akaopoa vyura waliokufa. Aliwapanga ukingoni mmoja mmoja, mbele ya macho ya Ran, kisha akajaza kapu tope na kulitia mgongoni. Huko juu kulikuwa na nyumba kumi na tisa, na kila nyumba ilikuwa na beseni.